Bunduki ya Kumi Mezani kwa Fundi Bänz

"Nifungeni macho! Nifungeni kwa kitambaa, nifungeni kwa gunia, mkitaka nifungeni kwa sketi ya mama mkwe wa Zaugg, kisha niwekeeni mkononi bunduki yoyote ya bonde hili. Nikishindwa kumtaja mwenyewe kwa jina, nitakitafuna kitako cha bunduki hiyo mbele yenu, na skrubu zake!"

Aliyetamba hivyo ni Bendicht Aeschlimann, jina lililotumiwa na mchungaji na serikali tu. Kwa watu wengine wote alikuwa Bänz. Alitamba akiwa amepanda juu ya benchi katika banda la wapiga shabaha la Hinterschwand, saa nane mchana, Jumamosi ya mwisho ya Agosti 1973, mbele ya watu arobaini, soseji arobaini na beseni moja la saladi ya viazi. Hakuwa amelewa. Kahawa yake ilikuwa na tone la pombe ya plamu, lakini katika bonde lao la Emmental kahawa isiyo na tone hilo hupewa wagonjwa.

Bänz alikuwa na miaka arobaini na tisa, mfupi, mpana, mwenye vidole vinene kama karoti za maonyesho na masikio makali kuliko ya mbwa wa malisho. Alikuwa fundi bunduki katika ghala la silaha la wilaya, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na saba. Kwa kuwa kila mwanamume wa bonde lile akitoka jeshini hurudi na bunduki yake nyumbani, akaisimamisha kabatini kati ya koti la harusi na mwavuli, na kwa kuwa kila bunduki ni lazima ikaguliwe, hakukuwa na familia ambayo Bänz hakuwahi kuichungulia mtutu. Alijua nani anasafisha na nani anadanganya. Ya mwokaji mikate aliijua kwa unga ulioganda kwenye mashimo ya skrubu, na ya mtu fulani, ambaye tumsitiri, aliijua kwa alama ya mlango wa zizi uliokuwa ukiegemezewa nayo. Daktari ana siri za watu. Bänz alikuwa nazo zilezile, ila yeye hakuwa amekula kiapo.

Ndiyo maana walimwogopa kidogo na kumpenda sana. Mtu akimletea bunduki na malalamiko, kwamba inavuta kushoto, kwamba inapiga juu, kwamba mbona jana ilikuwa nzuri, Bänz aliipokea, akavuta komeo la kuingizia risasi mara tatu karibu na sikio, akasikiliza kama mtu anayesubiri simu ijibiwe, kisha akairudisha na hukumu ileile: "Bunduki ni nzima. Mgonjwa ni aliyeishika."

Aliyeisikia hukumu hiyo kuliko wote ni Ueli Zaugg, mtengeneza jibini, jitu la watu lenye mikono ya kubebea ndama. Miaka kumi na mbili Zaugg alilia kwamba bunduki yake inavuta kushoto, na miaka kumi na mbili aliambiwa akapimwe macho. Halafu mwaka mmoja malalamiko yakaisha, vikombe vya ushindi vikaanza kuingia nyumbani kwake kimoja baada ya kingine, na Bänz akawa anamwonyesha kwa kidole mbele za watu: "Mnamwona? Mgonjwa amepona."

Kwa hiyo Jumamosi ile, tambo liliposhuka kutoka juu ya benchi, wa kwanza kulidaka alikuwa Zaugg.

"Haya, kitambaa!" alinguruma. "Na mtu asimpe maji. Kitako hakishushwi kwa maji."

Wakamfunga macho kwa taulo la vyombo lililonuka haradali. Bunduki tisa zikatolewa kwenye safu ukutani, makomeo yakiwa wazi kama sheria inavyotaka, zikalazwa mezani kati ya sahani.

Ya kwanza aliipakata tu, akacheka. "Gerber wa Juu. Inanuka moshi. Mwambieni aitoe karibu na jiko kabla haijaiva."

Ilikuwa ya Gerber wa Juu.

Ya pili aliipima urefu kwa mkono. "Ahaa, bibi kizee. Hii ni ile ndefu ya mwaka kumi na moja, ya marehemu baba yake Mwalimu Stettler. Mwalimu, samahani, mzee wako alikuwa akitafuna mkanda akisubiri zamu. Meno yapo hapa, unaweza kuyashika."

Mwalimu Stettler, aliyekuwa mwalimu wa shule na katibu wa chama cha shabaha kwa pamoja, na kote kuwili akisahihisha watu, akakubali kwa kichwa.

Ya tatu Bänz hakutaka hata kuipakata. Ilikuwa ya mtindo mpya, ile ya mwaka hamsini na saba, nzito, yenye miguu miwili mbele. "Hii mashine ya kukamulia rudisheni zizini," alisema. "Ya kijana wa posta. Nani mwingine anapaka bunduki mafuta ya baiskeli?" Hakuipenda, na hakuficha. Babu yake alibeba ile ya Vetterli, ambayo unailisha risasi moja moja kama bata. Baba yake alibeba ile ndefu. Yeye mwenyewe alibeba ile fupi ya mwaka thelathini na moja. Kila kizazi bunduki ilipungua urefu na watu wakaongezeka tumbo, na hapo, kwa maoni ya Bänz, mambo yalipaswa kusimama.

Ya nne, ya tano, ya sita. Ya saba alimtaja mwenyewe, akataja na mwezi aliomaliza sabuni nyumbani. Kufikia ya tisa watu walikuwa wamesimama juu ya viti, na Zaugg akaenda kufungua mlango wa nyuma.

Kupitia mlango huo akaingia Lisebeth, mke wa Bänz. Tambo hilo Bänz alikuwa akilirudia nyumbani wiki nzima, basi asubuhi ile Lisebeth alikwenda kwa Zaugg kununua jibini, wakapanga jambo lao palepale kaunta. Alikuja kwa baiskeli, aproni ya jikoni kiunoni, kikapu cha vitunguu mbele na bunduki mgongoni. Akaweka kidole mdomoni, akailaza ile bunduki mikononi mwa mumewe, akarudi nyuma hatua mbili.

Bänz akaipapasa. Akavuta komeo karibu na sikio, mara tatu. Akalivuta tena, mara tatu nyingine. Banda zima likanyamaza, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa akimalizia saladi.

"Hii," alisema mwishowe, "ni ya mtu mvivu. Mafuta tele, moshi hakuna. Haijapigwa miaka saba, minane hivi. Mwenyewe anaibembeleza tu. Watu wa namna hii mnawajua, wanavaa viatu vya mlimani kwenda posta."

"Jina!" Zaugg alipiga kelele, macho yakimtoka machozi.

"Sina haraka. Mtu mwoga huyu. Anamwogopa mkewe." Lisebeth akang'ata aproni. "Ni ya Wälti wa dukani."

"Una hakika?"

"Kitako hiki hapa. Leteni uma."

Zaugg akachukua bisibisi. Chini ya bati la kitako cha bunduki ya thelathini na moja kila askari huweka kikaratasi chenye jina lake, akakisahau humo mpaka afe au astaafu. Bati likatoka, kikaratasi kikatoka, na Mwalimu Stettler akakisoma kwa sauti ya kuita majina darasani:

"Aeschlimann, Bendicht. Hinterschwand. Februari 1944."

Kicheko kilichotokea kiliwafanya ng'ombe wa uwanjani wainue vichwa, na ng'ombe hao walikuwa wamezoea risasi. Bänz akavua taulo, akaitazama bunduki, akamtazama mkewe.

"Nikuletee chumvi, mume wangu," aliuliza Lisebeth, "au utakitafuna hivyohivyo?"

Bänz naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kununa. Alicheka mpaka alipomwona Mwalimu Stettler, ambaye hakuwa akicheka. Stettler alikuwa ameshafungua daftari la chama na kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye ukurasa.

"Bänz, umesema haijapigwa miaka minane."

"Saba, minane."

"Na jeshi linakuachia lini?"

"Mwakani. Nikitimiza hamsini."

"Basi keti."

Akaketi. Stettler hakuhitaji kueleza, kwa sababu sheria yenyewe ilikuwa imebandikwa ukutani pale ghalani, kwa mwandiko wa Bänz mwenyewe. Askari akimaliza muda wake anaruhusiwa kubaki na bunduki yake iwe mali yake, mradi katika miaka mitatu ya mwisho awe amepiga shabaha ya lazima angalau mara mbili, akafikisha alama arobaini na mbili, na mihuri iwe kwenye kijitabu chake. Asiye na mihuri anairudisha. Mwaka 1972 Bänz hakupiga. Mwaka 1973 siku ya mwisho ilikuwa ileile waliyokuwa wanakula soseji. Bila muhuri wa leo, wa mwakani ungekuwa mmoja, na mmoja hautoshi.

Ilikuwaje mtu aliyewaeleza wanaume mia mbili sheria hiyo akaisahau? Ilikuwa hivi. Mpaka miaka arobaini alilazimika kupiga, akapiga, akafaulu kwa kukwangua. Baada ya arobaini hakulazimika tena, na kila Jumamosi ya shabaha alishinda nyuma ya banda na sanduku lake la vifaa, akinyoosha, akikaza, akitukana. Watu waliingia na bunduki mbovu wakatoka na nzuri wakaenda kupiga. Hakuwahi kufikiri kwamba lile tangazo alilolibandika lilikuwa linamsema na yeye.

"Si utanunua nyingine tu?" mtu mmoja alisema. Lisebeth akamgeukia kwa jicho lililomrudisha kwenye saladi yake.

Yeye mke alijua kwa nini nyingine haifai. Bänz alikuwa mzaliwa wa kwanza wa shamba zuri, na kule Emmental shamba ni la kitindamimba. Alitoka kwao ana miaka kumi na sita, na sanduku moja na paja la nguruwe la kukausha. Nyumba waliyokaa yeye na Lisebeth ilikuwa ya serikali. Meza aliyofanyia kazi ilikuwa ya serikali, tupa na nyundo zilikuwa na chapa ya msalaba wa serikali. Lakini Februari ya arobaini na nne, katika uwanja uliojaa theluji, sajini mwenye mafua alimtupia bunduki mikononi, akasoma namba na kusema: "Hii yako. Ukiipoteza, potea nayo." Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia Bänz kwamba kitu fulani ni chake. Habari hiyo alimsimulia Lisebeth mara moja, mwaka wa kwanza wa ndoa, akiosha vyombo. Hakuirudia, na Lisebeth hakuisahau.

"Saa ngapi?" Bänz aliuliza.

"Tisa na dakika kumi," Stettler alisema. "Saa kumi na moja kamili bendera inashuka. Mbele yako wapo kumi na tisa."

Hakuna aliyempa nafasi yake, wala yeye hakuomba. Mtu wa Hinterschwand atakupa figo kabla hajakupa zamu. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano bendera ishuke alipolala kwenye mkeka wa njia ya nne, na nyuma yake, kwa kuwa ndiyo ilikuwa zamu yake ya kusoma alama, akaketi Zaugg na penseli.

Shabaha ilikuwa mita mia tatu mbele, ng'ambo ya malisho, na chini yake kwenye handaki walikaa wanaume wenye vibao vya mpini mrefu vya kuonyesha risasi ilipotua. Risasi zilikuwa ishirini, tano tano.

Bänz akapiga ya kwanza. Kisha, badala ya kutazama mbele, akainamisha sikio, akavuta komeo polepole, akasikiliza, akaokota ganda la risasi na kulichungulia tako.

"Bänz," alisema Zaugg, "shabaha iko kule."

"Komeo lina mkwaruzo kidogo."

"Shabaha. Iko. Kule."

Hakuweza kujizuia. Miaka ishirini na saba bunduki aliijaribu ikiwa imebanwa kwenye jiliwa, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Risasi tano za kwanza zikampa alama sita. Tano za pili zikampa saba. Na zote kumi, bila kukosa hata moja, kibao cha handakini kilizionyesha upande mmoja.

Bänz akailaza bunduki kwenye mkeka. Akatamka maneno ambayo hayajawahi kutoka kinywani mwa fundi bunduki wa wilaya ile:

"Inavuta kushoto."

Njia ya tatu ikaacha kupiga. Njia ya tano ikaacha kupiga. Zaugg akafumba macho kama mtu aliyeletewa keki ya siku ya kuzaliwa, akavuta pumzi ndefu:

"Bunduki ni nzima..."

"...MGONJWA NI ALIYEISHIKA!" banda zima likamalizia.

Walicheka wakapigana makofi migongoni. Bänz hakucheka. Shingo ilikuwa nyekundu mpaka kwenye ukosi.

"Ueli," alisema kwa sauti ya chini, "sogea."

"Nasikia hapahapa."

"Kile kijino cha mbele. Cha kulengea. Si changu, ni chako."

"Changu kivipi?"

"Mwaka sitini na tano. Uliniletea bunduki Alhamisi, Jumamosi ulikuwa na mashindano ya wilaya. Nikaibana kwenye jiliwa. Ilikuwa inavuta kushoto kweli. Kijino kilikuwa kimekaa upande, sijui uliiangusha, sijui ulimpigia nayo ng'ombe. Na spea hazikuwepo mpaka mwezi unaofuata. Nikang'oa cha kwangu nikakuwekea wewe. Chako nikakibandika kwenye yangu. Nikasema nitakinyoosha wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya lini?"

"Hiyohiyo ya sitini na tano."

Zaugg akaweka penseli chini. Usoni mwake mambo mengi yalipita kwa zamu, kama watu kwenye mlango wa benki.

"Nilikuuliza umeifanya nini," alisema polepole. "Ukaniambia umeisafisha tu."

"Niliisafisha pia."

"Vile vikombe vyangu..."

"Vikombe ni vyako. Kijino hakipigi chenyewe."

"Miaka kumi na mbili, Bänz! Mke wangu alinipeleka kwa daktari wa macho mpaka Bern! Nilinunua miwani!"

"Najua. Ilikupendeza."

"Sasa chombo cha kusogezea kijino kiko wapi?"

"Ghalani, hakimo kwenye sanduku langu. Ghala limefungwa, na ufunguo uko na bwana mkubwa, na bwana mkubwa yuko kwa dada yake."

Zilibaki dakika kumi na mbili. Ili apate arobaini na mbili, Bänz alihitaji alama ishirini na tisa kwa risasi kumi, na kwenye shabaha ya raundi zilizobaki risasi nzuri kabisa ilikuwa na alama nne tu. Zaugg alipiga hesabu hiyo, akamtazama Lisebeth aliyesimama nyuma ya kamba amekumbatia kikapu cha vitunguu, kisha akainama mpaka ndevu zikamgusa fundi sikio.

"Nitakusaidia. Ila kwanza sema. Kwa sauti, wasikie."

Wengine wangekataa. Bänz mwenyewe, saa mbili kabla, angekataa. Lakini alipiga magoti kwenye mkeka, akageuka, akapaza sauti yake ya kwenye benchi: "Jamani! Bunduki ya Zaugg ilikuwa inavuta kushoto! Tangu hamsini na tatu! Yeye alikuwa mzima, na mimi nilijua nikanyamaza!"

Safari hii hakuna aliyecheka, isipokuwa Zaugg, aliyetabasamu kama jibini lililokaa miaka kumi na mbili na hatimaye limeiva.

"Asante. Sasa lala. Hicho kijino nimeishi nacho kuliko nilivyoishi na mke wangu. Usilenge katikati, katikati hakuna kitu. Lenga kulia, pale karatasi nyeupe inapoishia, halafu rudi ndani upana wa kidole. Na hivi," akamega mkate laini kwenye sahani ya mtu, akaufinyanga vipande viwili, "hivi ni vya masikio."

"Sitasikia komeo!"

"Ndiyo maana yake, bwana fundi."

Akamziba. Bänz, kiziwi kwa mkate, akalenga mahali ambapo hapakuwa na kitu, na kibao cha handakini kikapanda katikati. Tatu. Kisha nne. Kisha mbili, maana alijaribu kuchungulia ganda, Zaugg akampiga kofi la kisogoni. Kisha tatu, kisha tatu. Kumi na tano. Jumla ishirini na nane.

Zikabaki risasi tano za mwisho, na hizo ni za haraka: tano kwa dakika moja, alama zinaonyeshwa baadaye. Alihitaji kumi na nne. Kamanda wa uwanja akapiga filimbi. Hapo ndipo komeo la bunduki ya thelathini na moja linapoonyesha kwa nini lilitengenezwa: halizungushwi, linavutwa na kusukumwa tu, nyuma na mbele, na mikono ya Bänz ililijua kuliko ilivyojua vifungo vya shati. Alimaliza sekunde kumi na tano kabla ya filimbi ya pili. Kisha akalala tu pale, kidevu juu ya kitako, mkate masikioni.

Kibao kikapanda. Nne.

Kikapanda tena. Tatu.

Mara ya tatu hakikupanda kuonyesha kitu. Kilipepea kushoto na kulia juu ya shabaha nzima, na hata mtoto wa Hinterschwand anajua maana yake: sifuri. Lisebeth akashika kamba. Saba mkononi, saba zinadaiwa, risasi mbili.

Nne.

Wale wa handakini walichelewa kidogo na ya mwisho. Baadaye walisema walikuwa wanaitafuta. Watu wengine wanasema walikuwa wanasikiliza jinsi banda lilivyonyamaza na wakaona haya kulikatiza. Kibao kikapanda katikati, kikatulia.

Nne.

"Arobaini na tatu!" Zaugg alinguruma kwa sauti iliyotaka kupenya mkate. Akamnyanyua Bänz kutoka mkekani kwa mkanda wa suruali, kama anavyonyanyua jibini kutoka kwenye maji ya chumvi, akamsimamisha. Mwalimu Stettler akafungua kijitabu, akapuliza muhuri, akaugonga. Bendera nyekundu ikashuka. Lisebeth akamfuata mumewe na kumtoa mkate masikioni, kwanza upande huu, kisha ule.

"Umesikia walivyosema?" alimuuliza.

"Sijasikia kitu."

"Umefaulu, mvivu wangu."

Mtu mwingine angekinyoosha kile kijino Jumatatu asubuhi. Bänz hakukigusa. Alichukua chombo, akakaa nacho mkononi, akakirudisha kwenye droo. Agosti iliyofuata alilala tena njia ya nne, mkate masikioni, Zaugg nyuma yake, akilenga pale pasipo na kitu. Alipata arobaini na nne. Kwa mwendo huo, Zaugg alikokotoa kwa penseli, angekuwa mfalme wa shabaha akiwa na miaka tisini na moja.

Novemba 1974, waliozaliwa mwaka ishirini na nne waliitwa uwanjani kwenye ghala kuagana na jeshi. Walirudisha makoti, kofia za chuma, bakuli za kulia chakula na mabegi ya ngozi ya ng'ombe. Wenye mihuri walipanga foleni kwenye meza ya fundi, na fundi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, alikuwa Bänz, mwenyewe amevaa sare yake ya mwisho, kifungo cha tumboni kikiomba msaada. Alifungua kijitabu, alihesabu mihuri, alichukua nyundo na kugonga herufi P kando ya namba, kuonyesha kwamba bunduki sasa ni mali ya mtu. Aligonga ishirini na mbili. Foleni ikaisha.

Akaizunguka meza, akasimama upande wa pili, akaweka bunduki yake na kijitabu chake juu ya mbao. Akasubiri. Upande wa fundi hapakuwa na mtu. Akaizunguka tena, akakifungua kijitabu, akahesabu mihuri, miwili, akaihesabu tena kana kwamba mwenye kijitabu ana sura ya kudanganya. Kisha akagonga. Nyundo ambayo haikuwahi kumkosea mtu mwingine iliikalisha ile P upande kidogo, kuelekea kushoto.

Lisebeth alikuwa anamsubiri nje na baiskeli. Akaipokea bunduki, akaipapasa ile herufi kwa kidole gumba. Walipokuwa wanaifunga, akaona kupitia mlango wa ghala la pili safu ndefu ya bunduki zimesimama ukutani, kila moja na kikaratasi kimening'inia kwenye kifyatulio.

"Zile za nani?"

"Hazina wenyewe. Za wasio na mihuri, na waliofariki, na wasiozitaka. Zinauzwa."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote mwenye rekodi safi."

"Za thelathini na moja kama hii?"

"Kama hii."

"Nzima?"

"Kuliko hii."

Lisebeth akakaza kamba, akapiga fundo la pili.

"Bei gani?"

"Faranga sabini, bei ya baiskeli kuukuu, na mkanda wake."